Saa Kumi Chini ya Paa Moja

Wiki iliyopita mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni: ndege inatoka Dar es Salaam kwenda London, umbali ni kilomita elfu saba na mia tano, mwendo wake ni huu hapa, je, itatumia muda gani? Darasa zima likainamia madaftari. Mimi nikacheka. Kile kicheko kinachotokea puani, ambacho ukikizuia ndiyo kinazidi. Mwalimu akaniuliza, "Bupe, kuna nini cha kuchekesha?" Nikamwambia, "Mwalimu, inategemea nani amekaa na nani." Akanitoa nje. Nikasimama barazani mpaka kipindi kikaisha, mvua ya Tukuyu ikinilowesha bega moja, na hapo ndipo nilipomkumbuka Babu.

Wenzangu wengi babu zenu mnawakumbuka kwa ngano na miwa. Mimi wangu namkumbuka kwa kikohozi. Tuliishi Lupepo, nyumba ya Babu juu, nyumba yetu chini, katikati ugo wa mianzi. Mama alikuwa ameolewa hapo, na kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Mkwe hamtazami baba mkwe, hasemi naye, haingii alimo, hatamki jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Kwa hiyo Babu kila akikaribia kona alikohoa, kama lori la ndizi linavyopiga honi, ili mama apate muda wa kupotea.

Babu aliitwa Gwakisa. Basi mama yangu hakuwahi kusema "kisa" wala "kisasa" maishani mwake. Kisahani alikiita "hicho cha chini ya kikombe". Na alikuwa nesi wa zahanati, mtu wa cheti na Kiingereza chake. Makalio ya nusu ya wazee wa Lupepo aliyafahamu kwa sindano, ila uso wa baba mkwe wake hakuufahamu.

Mimi nilikuwa simu yao. Babu akikaa kwake upande wa juu wa ugo, mama akipika upande wa chini, hatua chache tu kati yao, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Bupe, mwambie mama yako chai haina sukari."

"Bupe, mwambie babu yako sukari imeisha."

"Babu, sukari imeisha."

"Imeisha lini?"

"Babu, si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia nani? Mimi nazungumza na wewe."

Baba hakuwepo. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, chama kikafa, soko likawa huria, na yeye akaona huria ni kwenda London kuosha vyombo vya watu. Alikuwa anatupigia kwenye kibanda cha simu pale Bulyaga, siku za Jumamosi, na mimi na mama tulishuka mjini kumsubiri. Karatasi zake za kule zilikuwa na mushkeli. Akitoka, harudi. Kwa hiyo alituma sauti, na mara mojamoja makoti.

Macho ya Babu yalianza kuharibika kwa mambo ya kuchekesha. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alimpa shikamoo ndama. Siku moja alisimama kwenye nguzo ya zizi akaiuliza habari za nyumbani kwake, nguzo ikakaa kimya, Babu akaenda zake amekasirika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama, aliyekuwa anachungulia kutoka nyuma ya migomba, hakucheka. Aliniita akaninong'oneza, "Nenda ukasimame ubavuni kwake, unyooshe mkono. Muulize anauona?" Nikaenda. Babu hakuuona. Nikauleta mkono mbele ya pua yake, akauona, akaupiga kofi.

Shangazi Sekela ndiye aliyempeleka Mbeya kwa daktari wa macho, kwa sababu mama hakuweza. Huyu alikuwa dada yake baba, ameachika, amerudi kukaa nyumba ya juu, na mdomo wake ulikuwa unafika mahali kabla ya miguu yake. Alirudi na matone na maneno, lakini maneno mengine yalishukia njiani. Akasema tu, "Ni presha ya macho. Inahitaji operesheni." Mama akaomba kadi ya hospitali, mimi nikaibeba, akaisoma jikoni, kisha akanituma: "Mwambie babu yako ugonjwa huu unakula pembeni kwanza, halafu unaingia katikati. Ulichokula haukirudishi. Kinachookolewa ni kile kilichobaki, na ni kwa haraka."

Nikaenda nikasema yote, neno kwa neno. Babu alikuwa anasikiliza. Shangazi akasema, "Mtoto anaropoka. Daktari niliongea naye mimi." Halafu akageukia ugo, akapandisha sauti ili ivuke. "Na huo ugonjwa unatoka wapi? Baba alikuwa anaona mpaka ng'ambo ya mto. Kuna siku alichungulia asipopaswa kuchungulia. Kuna nyuso hazitazamwi, ukizitazama zinakuadhibu."

Upande wa chini mwiko uliacha kukoroga.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nililichukua lile neno kama lilivyo. Nikaelewa kila kitu mara moja. Kumbe ndiyo maana hawaonani. Uso wa mama unapofusha. Na mimi nilikuwa nautazama tangu nazaliwa, asubuhi na jioni, bila kinga yoyote. Nikaanza kubana matumizi. Akinisuka, nafumba jicho moja. Akinipa uji, nafumba la pili. Nilipanga asubuhi la kulia, jioni la kushoto, ili nikipofuka nisipofuke yote kwa pamoja. Usiku amelala nilimtazama kwa upenyo wa vidole, nikitafuta hiyo sumu imekaa sehemu gani. Nikaamua iko kwenye kidoti cha shavuni.

Jumamosi iliyofuata baba alipiga simu akiwa na furaha ya kutisha. Kanisa analosali kule lilikuwa limechanga. Hospitali ipo, daktari yupo, tiketi mbili anatuma: ya Babu, na ya mama wa kumsindikiza, maana yeye ndiye anajua dawa na Kiingereza. Baadaye nilipokua nilisikia kwamba operesheni ile hata Moshi ingefanyika, safari ya basi tu. Lakini kutoka Moshi hakuna mtu anayerudi kifua mbele, na baba alitaka kijiji kizima kijue kwamba London kuna mtoto wa Gwakisa.

Pasipoti zikapatikana. Viza zikapatikana. Babu alikwenda Dar na shangazi kuzifuata, mama akaenda na basi la kesho yake, wakarudi vivyo hivyo, na mpaka hapo mila haikuwa na tatizo na mtu. Barabara ina nafasi. Unaweza kupanda la kesho, unaweza kushuka, unaweza kugeuza mgongo. Tatizo lilianza pale mtu alipouliza ndege yenyewe ikoje ndani.

Wazee walikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye nyumba ya Babu, mvua ikipiga bati. Mwenyekiti alikuwa Babu Asajile, mdogo wake Babu, mtu mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimevaa Kinyakyusa mwili mzima. Mama alikaa jikoni kwetu, ng'ambo ya ugo, mlango wazi. Mimi niliitwa katikati.

"Gwe mwana," Babu Asajile akaniambia. "Wewe unasoma. Hiyo safali ya Londoni ina ulefu gani?"

Nilikuwa nimemuuliza mwalimu. "Kilomita elfu saba na mia tano."

Hakuna aliyetikisika. Ningesema elfu sabini wasingetikisika vilevile.

"Ni kama kwenda Mbeya mara mia na zaidi," nikasema.

Hapo wakaguna.

"Na inachukua muda gani?"

"Baba anasema saa kumi."

"Kumi tu?" Mzee mmoja akacheka. "Mimi basi la Dal lilinitoa hapa giza likanifikisha kwenye giza. Sasa tunajadili nini?"

"Basi linasimama," shangazi akasema. Alikuwa ameketi mlangoni, anamenya viazi kama vile hayupo. "Muulizeni mtoto ndege inasimama wapi."

Wakanigeukia. Nikasema haisimami.

"Hata kidogo? Hata watu wakajisaidie?"

"Choo kimo ndani."

Shangazi akaweka kisu chini. "Mmesikia. Ina choo. Ina paa. Ina mlango, unafungwa. Watu wanakula humo, wanalala humo. Hiyo si njia, wazee wangu, hiyo ni nyumba. Baba alale nyumba moja na mkwewe?"

"Nyumba haina matairi," mzee mwingine akasema.

"Matairi inayo ikiwa chini," shangazi akamjibu. "Ikifika juu yanakunjwa. Kwa hiyo ikiwa chini ni gari, ikiwa juu ni nyumba."

Ilikuwa hoja nzito. Wazee waliitafakari huku wanakunywa mtindi. Mimi nilicheka, shangazi akanifinya paja bila hata kunitazama.

Wakatafuta njia. Mama akae nyuma kabisa na Babu mbele kabisa, kama kanisani? Sasa nani atamwonyesha choo? Mama ajifunike kanga kichwa kizima? Kwa saa kumi, na polisi wa uwanjani wakimuona watajua kaiba mtoto. Na akiulizwa mzee huyu anaitwa nani, atajibuje, wakati hawezi kulitaja jina? Mama apande ndege ya kesho yake, na Babu aongozwe na wasichana wa ndege? Hapo Babu mwenyewe akasema, mara ya kwanza mchana ule: "Nishikwe mkono na msichana nisiyejua ukoo wake?" Mzee wa kanisa akajaribu kusema Biblia haikatazi. Akaambiwa Biblia haikuandikiwa Lupepo.

Na dawa ilikuwepo, bwana, tena ilikuwa na manyoya. Katika ukoo wetu baba mkwe akitaka anaweza kumfungua mkwe. Anamwita, anampa kuku kwa mkono wake mwenyewe, basi, kuanzia siku hiyo wanasalimiana kama binadamu wengine. Kuku mmoja. Babu alikuwa na kuku mpaka wengine wanalala juu ya mparachichi. Babu Asajile akalisema hilo kwa upole, akitazama sakafu. Babu akasema, "Mama yangu alimuona baba mkwe wake kwenye jeneza. Mimi nifungue mkwe kwa sababu ya ugonjwa? Kesho watasema Gwakisa alimfungua mkwe wake kwa kuogopa giza."

Wazee wakatikisa vichwa. Hilo walilielewa vizuri kuliko kilomita.

Kikao kikaahirishwa mpaka Jumapili ijayo. Na ijayo. Tiketi zikabadilishwa siku, zikabadilishwa tena. Baba alikuwa anapiga kelele kwenye simu mpaka mwenye kibanda anatoka nje kwa aibu. "Saa kumi! Mnashindwa kukaa saa kumi? Huku watu wanakaa saa kumi kwenye foleni ya kazi."

"Usinipigie kelele mimi," mama akamjibu. "Mimi nipo tayari hata kukaa juu ya bawa. Mwambie baba yako."

"Mwambie wewe."

Mama akaitazama ile simu, halafu akacheka kicheko kifupi ambacho sikukipenda. Alisahau kidogo tu yule mwanamume, akiwa huko mbali, kwamba mkewe hana njia ya kumwambia baba yake kitu.

Shangazi yeye hakuwa na haraka. Alikwenda mwenyewe mjini akajinunulia koti la mtumba, zito, la kahawia, lenye vifungo kama visosi. Akawa analivaa kwenda kisimani. "Kama ndege ni nyumba," alikuwa anawaambia wanawake wenzake, "basi apande binti wa nyumba." Hakuwa na viza, hakuwa na pasipoti, Kiingereza chake kilikuwa "gudi moningi" hata jioni. Lakini alikuwa na uhakika kwamba wazee wakichelewa vya kutosha, jina kwenye tiketi litachoka na kubadilika lenyewe.

Siku moja mama alikuwa ananichana nywele, akaona nimefumba jicho.

"Umeumia jicho?"

"Hapana."

"Sasa unafumba nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kujali kabisa, nikamshauri hata afunike kile kidoti cha shavuni kwa plasta ya zahanati. Nilidhani atashukuru. Aliweka kitana chini. Akanishika kidevu kwa nguvu, akanigeuzia uso wake mpaka pua zetu zikakaribia kugusana.

"Niangalie," akasema. "Macho yote mawili. Niangalie mpaka uchoke."

Nikamwangalia. Machozi yakaanza kunitoka, nikajua ndiyo nimekwisha. Yeye hakulia. Aliendelea kunishika hivyohivyo mpaka nikaona kwamba bado naona. Kisha akamaliza kunichana, akavuta kitana kwa nguvu kuliko kawaida.

Mvua ikapungua, jambo ambalo kwetu ni habari. Babu sasa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi: kitu kidogo, cha mbele tu. Kikao cha mwisho kilikuwa Jumapili ya jua. Babu Asajile alifika amechangamka, hata kabla hajakaa. Alikuwa amepata jibu njiani.

"Tatizo letu ni nini?" akasema. "Kwamba kaka atamuona mkwe. Sasa kaka anapofuka. Akishapofuka kabisa, atamuona na nini? Hapo mila imekwisha kazi yake. Mkwe anaweza kumshika mkono, wakapanda ndege, wakakaa hata kiti kimoja. Tusubili tu kidogo."

Mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja, mwingine akasema, "Ndaga," kwa shukrani kabisa, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hata Babu alitabasamu. Miezi yote ile, na jibu lilikuwa rahisi kiasi kile. Wakaanza kuagana.

Ndipo sauti ikatoka upande wa chini wa ugo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile sauti ya zahanati, ya kumwambia mtu asikaze nyama.

"Baba, ukishapofuka hakuna cha kwenda kufanya huko."

Sijawahi kuona wazee wakikosa mahali pa kutazama kama siku ile. Mkwe alikuwa amemsemesha baba mkwe, mbele ya ukoo, kwa mdomo wake. Shangazi alifunika mdomo wake mwenyewe, kwa furaha. Babu alikaa wima. Taratibu akageuza kichwa, akinitafuta kwa kile kitundu chake cha kuonea, mpaka akanipata.

"Bupe. Kuna mtu amesema kitu?"

Nikajua ananipa nafasi. Nikasema, "Mama anasema ukishapofuka hakuna cha kwenda kufanya. Anasema kilicholiwa hakirudi, Babu. Ilikuwa kwenye kadi."

"Anaropoka," shangazi akasema.

Babu akafikiri. Nilimwona anafikiri, taya zake zikitembea. Kuku walikuwa wanaparura pale pale mlangoni, angenyoosha mkono tu.

"Mwambie mama yako," akasema, "wazee wameshaamua."

Tiketi zilikufa mwezi uleule. Shangazi alilivua koti akaliuza. Baba alipunguza kupiga simu, kisha akawa anapiga sikukuu tu. Na macho ya Babu yalimalizika kimyakimya, bila maumivu, kama taa ya chemli inavyoishiwa mafuta. Asubuhi moja aliamka akauliza kwa nini hakujakucha, na shangazi akamwambia kumekucha zamani.

Siku chache baadaye aliniita. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa suti yake ya Krismasi, kofia kichwani, viatu vimefungwa kamba ila vimegeuzwa, cha kulia kushoto. Pembeni ameweka mfuko wenye shati na mswaki. "Kamwite mama yako," akasema. Sikuelewa. "Kamwite, aje hapa. Sasa inaruhusiwa."

Nilikimbia. Mama alifuta mikono, akavua kanga ya jikoni akavaa nyingine, akapita ule ugo ambao tangu aolewe hakuwahi kuupita. Alisimama mbele ya Babu. Alimtazama kwa muda mrefu, kila sehemu, kama mtu aliyesimuliwa sana juu ya mji na leo ndiyo anaufikia. Babu alikohoa kwa mazoea.

"Mkwe," akasema.

"Abee, baba."

"Mimi tayari. Twende Londoni."

Shangazi alikuwa dirishani. Hakusema kitu, na hiyo ndiyo siku pekee ninayomkumbuka hivyo. Mama alipiga magoti, akafungua kamba za viatu, akabadilisha cha kulia na cha kushoto, akafunga upya. Alifanya polepole. Nilidhani anatafuta uongo mzuri wa kumwambia. Hakuutafuta.

"London ipo, baba," akasema. "Ila sasa tukifika, daktari atakuangalia mara moja tu, kisha atatuambia turudi."

Mikono ya Babu ilishika kingo za kitanda. Nadhani ndipo alipoyasikia yote niliyombebea tangu mwanzo, yote kwa pamoja.

"Ni saa kumi, mlisema?" akauliza mwisho.

"Kumi, baba."

"Bila kusimama."

"Bila kusimama."

Alinyoosha mkono hewani, mama akaudaka, akamwinua. Walisimama hapo wameshikana, chini ya paa moja, watu wawili walioishi pamoja miaka yangu yote, na mmoja wao tu ndiye aliyekuwa anamwona mwenzake.

"Saa kumi si nyingi," Babu akasema.

"Si nyingi, baba," mama akasema, akamgeuza taratibu, akampeleka chooni.